Waliowasemea Waingereza

Udon Thani, 3 Novemba 2510

Lamduan,

Hujambo huko mjini? Sisi huku hatujambo kwa nje tu. Tangu ulipopanda treni ya Bangkok kwenda kumwonyesha daktari koo lako, gari letu la sinema limekuwa kama nyumba iliyokimbiwa na mpishi. Mzee Bunma anazungusha mikanda yake huku ananung'unika, tajiri Heng ananung'unika kwa simu kutoka Khorat, na mimi mbele ya kipaza sauti nawasemea kwa Kithai peke yangu watu wote wa kwenye picha: wanaume, wanawake, watoto na mbwa.

Jana nilikuwa bibi harusi. Niliibana sauti mpaka mishipa ya shingo ikanisimama, na uwanja mzima ukacheka. Mama mmoja muuza kuku wa kuchoma akaja nyuma ya gari kuniuliza, "Yule dada yuko wapi? Huyu bibi harusi wa leo ana mafua." Nikamwambia dada anaumwa koo, si jambo kubwa. Akanipa paja la kuku nikutumie. Nisamehe, nimelila.

Sasa nikupe kisa. Tajiri ametuletea picha mpya ya Kiingereza, imekuja tupu, bila karatasi ya maneno. Juu ya makopo ya filamu Waingereza wameandika mwaka 1966. Mzee Bunma akaniambia, sisi kwa hesabu ya Buddha tuko 2510 na wao ndiyo kwanza 1966, ndiyo maana lugha yao ina maneno machache. Bado wachanga hao, tuwape muda.

Humo kuna bwana anaitwa Edwin na bibi anaitwa Harriet, wanakaa nyumba kubwa yenye mvua nyingi na mbwa waliolowa. Wanaongea sana. Lakini unajua ilivyo: huyu akimwita mwenzake ni "wewe", na yule akijibu ni "wewe". Kiingereza kina "wewe" moja tu, anaitwa nayo mfalme, anaitwa nayo paka. Nami sijaiona picha, naitia sauti huku ndiyo naitazama kwa mara ya kwanza, na lazima niamue pale pale hawa ni nani kwa nani. Niseme kaka na mdogo, kama wapenzi wanavyoitana? Niseme mjomba? Niliwaona wanakaa mbalimbali, hawagusani, wanapitishiana chumvi kwa adabu. Nikasema hawa ni mpangaji na mwenye nyumba. Nikawapa "bwana" na "bibi" za kiofisi kabisa, zile unazomwambia karani wa wilaya.

Mkanda wa mwisho, Edwin anafungua droo, anatoa picha ya harusi yao. Kumbe ni mume na mke, miaka nenda miaka rudi.

Uwanja ukachafuka. Mzee mmoja akatutupia kandambili, akauliza mume na mke gani wanaongea vile. Ningefanyaje? Palikuwa na daktari amesimama pembeni kwenye picha, hata mdomo hajafungua. Nikasema kwa sauti yake kwamba Edwin aliangukiwa na gogo kichwani akamsahau mkewe. Watu wakatulia. Wengine wakalia kabisa, wakisema maskini Edwin.

Wewe ungewajua tangu mkanda wa kwanza. Wewe hujawahi kukosea hata siku moja, nami nilikuwa nakufuata tu na kujifanya nimekufundisha. Niambie ulikuwa unajuaje. Na koo linasemaje? Usinifiche.

Mwalimu wako,
Thawin


Thonburi, 12 Novemba 2510

Kwa Mwalimu Thawin,

Nimecheka mpaka shangazi ninayekaa kwake huku ng'ambo ya mto wa Bangkok akaja mbio kunikataza. Daktari amesema nisicheke, nisiongee, ninywe maji ya moto tu. Koo si kitu. Ni kauvimbe kadogo, mtu mwenye kazi zake asingekajua kama kapo.

Mwalimu, tatizo lako hutazami mikono. Wewe siku zote unatazama midomo kwa sababu unaogopa kuchelewa. Umesema walipitishiana chumvi. Je, nani aliiomba? Kama hakuna aliyeiomba na chumvi ikaja, basi hao wameshalala kitanda kimoja mpaka wamechoshana. Mgeni lazima aombe. Mke anajua mumewe anaanza na chumvi kabla hata hajaonja, naye amekwisha kumgombeza juu ya hilo mpaka amekata tamaa, sasa anampa tu.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa kuwa sina la kufanya ila kufikiri. Maneno ya Waingereza hayasemi nani mkubwa, nani mdogo, nani kanuna, nani anamtaka nani. Basi yote hayo inabidi wayapitishe mikononi na machoni. Sisi mtu akishajiita na kumwita mwenzake, hata ukifumba macho umejua anampenda au anamwogopa. Kwao picha inasema, kwetu sauti inasema. Ndiyo maana watu wanakaa kwenye nyasi na umande wakitusikiliza sisi, wala hawaji kumtazama Edwin.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja kukuomba kazi? Nilijiita panya mbele yako, kama msichana yeyote anavyojiita mbele ya mkubwa wake. Ukaniambia mwanamke wa Kiingereza hajiiti panya, anasema "mimi", mlevi anasema "mimi", malkia anasema "mimi". Ukanitaka niliseme. Nilishindwa kabisa, Mwalimu. "Mimi" tupu, bila kuinama, bila kujua ninayesema naye ana umri gani! Nilihisi nimesimama sokoni sina nguo. Ulinipa maji nikajaribu tena. Leo nimelizoea neno hilo hadi shangazi analalamika kwamba sinema imeniharibu.

Ninawasalimu wote. Mwambie yule mama wa kuku nitadai paja langu mwenyewe. Halafu nina swali moja dogo: kiti changu amekikalia nani?

Mwanafunzi wako,
Lamduan


Sakon Nakhon, 24 Novemba 2510

Lamduan,

Kiti chako hakina mtu. Mzee Bunma ameweka juu yake kapu la wali wa kunata, na hilo kapu halijui kutia sauti. Kwa hiyo pona polepole, ila upone haraka.

Nimeanza kutazama mikono kama ulivyonifundisha. Wiki hii tuna picha ya wapenzi wa London. Kijana anamwambia msichana "nakupenda" akitoka, "nakupenda" akiingia, "nakupenda" kwenye simu. Mtu wa namna hiyo kwetu angepelekwa kwa mganga. Neno kubwa kama lile ukilisema asubuhi na jioni, nani atakuamini? Watu wangeona kijana ni tapeli. Kwa hiyo mara ya kwanza nikasema, "Umekula?" Mara ya pili nikasema, "Vaa koti, nje kuna baridi." Mara ya tatu, meli imeshapiga honi na msichana analia gatini, nikasema, "Ukifika, lala kwanza, barua utaandika kesho." Haki ya nani, akina mama wa mstari wa mbele walitoa vitambaa vyao. Msichana akamjibu, nikambania sauti kama kawaida yangu, hawakucheka sana.

Sikiliza. Mwanzoni mwa Januari kuna sherehe kubwa ya hekalu huko Roi Et. Magari mawili ya sinema, mapazia mawili ya picha, uwanja mmoja. Watu wanakaa katikati, mwishowe wanageuzia mikeka penye sauti nzuri. Nataka uwepo. Nimekaa hapa nikitafuta namna ya kulisema hili kwa njia ya kazi, nimeshindwa, kwa hiyo nakwambia tu hivyo: nataka uwepo.

Mwalimu wako,
Thawin


Thonburi, 15 Desemba 2510
(haikupelekwa posta)

Mwalimu,

Kesho asubuhi wananipasua. Si kauvimbe kadogo. Daktari ni kijana mpole aliyesomea Uingereza, na jana aliniambia kwa Kithai lakini kwa namna ya Kiingereza, yaani bila kuzunguka: nitapona, ila sauti itakwenda na uvimbe. Daktari wa kizamani angezungukazunguka, angeulizia wazazi wangu, angeusifia upepo, mpaka mwenyewe ningejua na kumhurumia yeye. Nilimshukuru. Nikaenda kukaa kwenye benchi la hospitali karibu na muuza tambi, nikaagiza bakuli moja, kwa sauti, nikaagiza la pili, si kwa njaa, ni kwa kutaka kujisikia tu nikiagiza.

Naogopa. Kisu sikiogopi. Mimi na wewe tumependana jimbo kwa jimbo mbele ya umati wa watu. Umenipigia magoti, umenifia mikononi, umenikimbilia stesheni na mvua inanyesha. Nimekuita kaka, umeniita mdogo wangu. Kisha mkanda unaisha, taa inawashwa, nakuita Mwalimu, unaniita Lamduan, tunakunja nyaya. Yale maneno, Mwalimu, mimi nilikuwa nikiyasema kweli. Wewe sijui. Sijawahi kukugeukia nikutazame, maana tulikuwa tunatazama pazia wote wawili.

Sasa sauti ikiondoka, nitayasemea wapi? Na wewe utanijua kwa kipi? Uso wangu hujawahi kuuangalia sana. Ulikuwa nao usiku, gizani, upande wako wa kushoto.

Barua hii siipeleki. Nimeiandika niisikie.

Lamduan


Thonburi, 15 Desemba 2510

Kwa Mwalimu Thawin,

Shangazi ana shughuli nyingi za mwisho wa mwaka na mimi ndiye mikono yake, kwa hiyo sitaweza kuandika kwa muda. Roi Et sidhani kama nitawahi. Nisamehe.

Vaa koti, huko kuna baridi.

Lamduan


Roi Et, 6 Januari 2511

Lamduan,

Koti ninalo, asante, lile la kijivu. Mwaka mpya umeingia na barua yako haijaingia. Nimekuandikia mara mbili hapa katikati, kimya. Nimeuliza posta, karani amenichoka.

Nimefikiri, nimejua kwa nini umenyamaza. Umesikia habari za Ratchani. Basi nisikie na mimi. Ni kweli tajiri Heng alimleta. Ni mwanamke wa redioni, amesoma Kiingereza mpaka chuo. Nilipokuandikia kwamba kiti chako hakina mtu, yeye alikuwa amekikalia akinywa chai. Na yule msichana wa gatini aliyejibu, si mimi niliyembania sauti. Alikuwa Ratchani, na alijibu vizuri. Nilikudanganya kwa kuwa sikutaka ujue kwamba gari linaweza kwenda bila wewe. Gari linakwenda, Lamduan. Ni mimi nisiyekwenda.

Ana njia yake. Anasema tuwaache Waingereza waseme kama wanavyosema, "mimi" na "wewe" moja kwa wote, mke kwa mume, mtoto kwa baba. Siku ya kwanza wazee walishtuka, mtoto anamwambia babake "wewe"! Vijana wakapenda. Kijana mmoja akaniambia ni kama kufungua dirisha. Nimegombana na Ratchani wiki nzima, na bado sijui kama nina haki au nimezeeka.

Jana ilikuwa ile sherehe. Mapazia mawili, na kufikia mkanda wa tatu mikeka yote ilikuwa imegeukia kwetu. Mzee Bunma akacheza ngoma kichwa kikiwa kimefunikwa na kopo la filamu. Nikageuka kushoto nikwambie jambo, nikakuta mtu mwingine. Jambo lenyewe likanipotea.

Kama umekasirika, niandikie matusi. Nitayasoma kwa furaha. Kimya chako ndicho nisichokiweza.

Thawin


Thonburi, 20 Januari 2511

Kwa Bwana Thawin,

Nimepokea barua yako. Sikukasirika. Bibi Ratchani ni bahati kwa kampuni, nami namtakia mafanikio.

Nimeamua kubaki hapa. Shangazi anahitaji mtu wa kumsaidia kazi ya kushona, na umri wa kuzunguka na gari umenipita. Nakushukuru kwa yote uliyonifundisha. Tafadhali usijisumbue kuja.

Kwa heshima,
Lamduan Phonkaeo


Khon Kaen, 2 Februari 2511

Lamduan,

Uliniita "Bwana". Ukaweka na jina la ukoo kabisa, kama unaniomba kibali cha kujenga choo. Niliisoma barua ile nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda kunywa. Nikasema amepata mchumba mjini, na mimi nimeshakuwa Edwin, wa kupitishiwa chumvi kwa adabu. Mzee Bunma alinirudisha garini kwa kunishika ukosi.

Wiki iliyopita alikwenda Bangkok kubadilisha makopo. Nilimpa soseji za hapa akuletee, nikamwambia akukabidhi tu arudi, asiniulizie kitu. Lakini unamjua Mzee Bunma. Yule mtu anaongea hata akiwa anapiga mswaki. Alirudi jana, akashusha makopo, akafunga pazia, akatia mafuta mashine, hajasema neno. Nikamuuliza Lamduan mzima? Akasema mzima. Nikamuuliza amepokea soseji? Akasema amepokea. Nikamuuliza, "Anasemaje?"

Akakaa chini juu ya tairi la akiba akalia kama mtoto.

Ulimwapisha asiseme, naye hakusema, ila hapo nikajua sauti yako imekwenda. Usimlaumu.

Nimetoa barua zako zote nikazisoma upya, na mara hii nilitazama mikono. Ile ya Desemba. "Vaa koti, huko kuna baridi." Mimi ndiye niliyeyatunga maneno yale, nikakuandikia na maana yake, na yaliponijia mwenyewe nikakujibu "koti ninalo, lile la kijivu." Mtu kama mimi ndiye aliyeangukiwa na gogo. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini wewe ulizuia hata kikohozi, na mimi niliyekaa kando yako miaka yote sikukisikia.

Ulidhani nitafanya nini nikijua? Ulidhani nilikuwa nikikaa pale kwa ajili ya sauti? Sauti nzuri ziko nyingi, juzi tu nimeletewa nyingine. Nilikuwa nikikaa pale kwa ajili yako. Ulikuwa ukimaliza mkanda unashusha pumzi na kuvua ndala, unaweka miguu juu ya boksi la betri. Hilo halimo kwenye picha yoyote, na ndilo nililokuwa nikilingojea.

Nachukua treni ya Jumamosi. Usijibu barua hii, naja.

Thawin


Thonburi, 16 Februari 2511

Thawin,

Uliondoka bila kujua umekosa nini. Shangazi ameniambia ulimuuliza njia nzima mpaka stesheni, na yeye akawa anakujibu kwamba mgonjwa ni mgonjwa, atatulia. Mimi nimeshatulia. Kaa mahali penye mwanga unisome.

Ulipofika nilikuwa na hofu. Nilikuwa nimefunga kitambaa shingoni na nimepanga nikae mbali, karibu na mlango wa jikoni. Wewe ukavua viatu, ukakaa karibu, ukauliza kama kuna wali. Hukukitazama kitambaa. Ulinitazama mikono, kisha ukanitazama usoni kwa muda mrefu sana, mchana kweupe, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na pazia mbele yetu. Nikajua nilikosea kukuficha. Lile nililokuwa nikiliogopa tangu Desemba liliisha pale pale, nakushukuru, na nitakushukuru maisha yangu yote.

Nilikuwa na vikaratasi vyangu. Nikiandika, wewe unasoma kwa sauti yangu, ile uliyoibana ya bibi harusi mwenye mafua. Nikaandika "chai imepoa", ukaisema kama malkia anayekata roho. Nikaandika "acha upuuzi", ukaisema huku unapepesa kope. Shangazi akacheka mpaka akashika nguzo, na jirani akavuka mfereji kwa ubao kuja kuona kuna nini. Nami nilicheka. Hakutoka mlio, ni pumzi tu, lakini nilicheka, na sikuwa nimecheka tangu hospitali.

Kisha karatasi zikaisha, na wewe hukunyamaza. Ukaendelea kunisemea bila karatasi. Ukanisemea kwamba nimekukumbuka, ukanisemea kwamba soseji zilikuwa tamu. Halafu ukageuka huku, ukauliza kwa sauti yako mwenyewe, na hapo hukuwa unatania: "Lamduan, utaolewa nami?" Na kabla sijapata hata pa kushika, ukageuka kule, ukabana koo, ukajibu: "Ndiyo, Mwalimu, hata kesho."

Shangazi akapiga makofi. Mimi nikaipiga meza, kikombe kikavunjika, nikaingia ndani nikafunga mlango. Ukagonga mpaka saa ya treni. Ukadhani nimekataa.

Sasa elewa. Tangu walipokata koo langu kila mtu ananisemea. Sokoni nikinyoosha kidole kwenye pilipili, shangazi keshasema nataka mafungu mangapi, na za kijani, kumbe nilitaka nyekundu. Kwa daktari ananisemea naumwa wapi. Mtawa alikuja kutubariki, akauliza naendeleaje, jirani akamjibu naendelea vizuri. Nimevumilia, wananipenda, wanafanya kwa wema. Lakini lile swali lako nimelisikia likiulizwa kwa wanawake wa Kiingereza mwaka baada ya mwaka, na kila mara nililijibu mimi, kwa ajili yao, mbele ya uwanja mzima, huku nikijiuliza litanijia lini mimi. Siku limekuja, umelijibu wewe. Jibu lilikuwa sahihi. Ulinijua vizuri tu. Na ndiyo maana iliuma, Thawin, kwa kuwa hata mtu anayenijua hivyo hakuona haja ya kungoja.

Sauti imekwenda, lakini bado nina la kusema. Mimi si picha iliyokuja bila karatasi ya maneno.

Basi fanya hivi. Rudi mavuno yakiisha. Njoo na Mzee Bunma awe mshenga, maana ana maneno mengi aliyoyabana kwa ajili yangu na yatampasua asipoyatoa. Vaa vizuri. Uliza upya mbele ya shangazi, kwa adabu, kisha nyamaza. Nyamaza hata kama kalamu yangu itakosa wino, hata kama nitakwenda kwanza jikoni nikarudi, hata kama jirani atakonyeza. Usinibanie sauti. Kaa tu, unitazame.

Nitakuwa na karatasi tele. Sina moyo wa kukuacha ukae na wasiwasi mpaka wakati huo, kwa hiyo nakuonyesha mapema nitakachoandika. Waingereza wana neno moja la kukubalia kila kitu, la chai ndilo hilo na la ndoa ndilo hilo. Kwetu mtu anayekubali analirudia jambo lenyewe, asije kesho akasema hakujua alikubali nini. Nami najua.

Nitaolewa.

Lamduan